Kona ya Kusomea Ambayo Vitabu Havitachakaa

Kitabu cha mtoto kina adui mmoja tu anayestahili kuogopwa, naye ni mtoto. Mchwa wanahitaji wiki kadhaa. Unyevu wa Dar es Salaam unahitaji msimu mzima wa masika. Mende huanza kwa adabu, wakilamba gundi ya mgongo usiku watu wamelala. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu humaliza kazi kabla chai haijapoa: pembe zimetafunwa, sungura wa ukurasa wa tano hana masikio, na jalada liko chini ya kochi pamoja na kile kijiko kilichotafutwa tangu Idi.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kutengeneza kona ya kusomea nyumbani kwake inampasa aamue mapema anataka nini. Wapo wanaotaka mtoto asome. Hao wana njia zao, nami nitazitaja humu kila inapobidi ili msomaji azitambue na kuziepuka. Mwongozo huu ni wa sisi wengine, tunaotaka kona: kona yenye sura, inayopigika picha, inayokwenda status ya WhatsApp Jumamosi saa nne asubuhi, na ambayo miaka sita baadaye vitabu vyake bado vinanuka duka.

Tuanze na mahali. Kona bora hukaa sebuleni, upande ule ambao mgeni akivuka tu kizingiti macho yake yanaangukia hapo. Kama televisheni iko upande huohuo, vizuri zaidi. Mtoto aliyeshika kitabu huku katuni zinaimba hatua mbili kutoka alipo hahitaji kulazimishwa kukifunga. Kuna wazazi watakaokwambia kwamba katuni za siku hizi zinafundisha, na ni kweli: Ubongo Kids, inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, imekuwa ikiwafundisha watoto hesabu na sayansi tangu mwaka 2014. Lakini hilo halituhusu. Hapa hatuchagui kati ya kitabu na katuni. Tunachagua ukuta.

Sehemu za kuepuka ni nyingi, na nyumba zetu zimejaa sehemu hizo. Ile nafasi nyuma ya kochi kubwa. Mwisho wa korido kwenye nyumba za vyumba sita. Chini ya ngazi kwa wenye ghorofa. Upenyo kati ya kabati la nguo na ukuta wa chumbani. Mbaya kuliko zote ni ile nafasi pembeni mwa mlango wa jikoni, ambapo mtoto anasikia kitunguu kikikaangwa na anamwona anayekikaanga. Watoto wadogo wana ugonjwa wa kupenda mahali padogo panapowaziba mgongo huku wakiendelea kumwona mtu wao. Ndiyo sababu unamjengea mtoto chumba chake, naye anahamia chini ya meza. Mita moja kwa moja na nusu inawatosha kabisa, na ukiiacha wazi wataingia humo na vitabu vyao bila hata kukuomba ruhusa. Ukigundua kwamba nyumba yako ina nafasi ya namna hiyo, iwahi: weka ndoo za maji, jiko la mkaa la akiba, jenereta lililokufa.

Sasa sakafu. Picha za kona za watoto zinazozunguka kwenye simu zetu karibu zote zina zulia la manyoya meupe, blanketi zito, mito isiyo na idadi, na kihema cha pembetatu. Inafaa kujua zilikotoka. London mwanzoni mwa Januari jua linazama saa kumi jioni, na nje kuna baridi ya kuuma masikio. Mtu wa huko akitaka kumtengenezea mwanawe mahali pa kusomea, kitu cha kwanza anachotafuta ni joto, na karibu kila kilichomo kwenye picha ile ni kinga ya baridi. Sisi tunakibeba kama kilivyo mpaka Tabata mwezi wa pili, nyuzi joto 32 kivulini, unyevu wa bahari umelalia kila kitu. Tunamwingiza mtoto kihemani, tunashusha pazia, tunapiga picha, halafu tunashangaa anatoka jasho likimtiririka mpaka kitabuni.

Usibadili chochote. Zulia la manyoya hulinda vitabu kuliko kufuli. Linawasha. Linashika vumbi na makombo ya biskuti, na mtoto akilikojolea mara moja tu, litakaa juani siku nne, harufu haitatoka, na kona itafungwa kwa amri ya mama mwenye nyumba. Nenda Kariakoo kalinunue, na uchague jeupe.

Kitu cha kuogopwa hapa ni mkeka. Mkeka wa ukindu, huuhuu wa kawaida ambao mama zetu wa Pemba na Mafia wanausuka wakizungumza, ni hatari kwa sababu hauna tatizo. Ni wa baridi. Unakung'utwa, unafutwa kwa kitambaa kibichi, unakunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango wageni wakija, na kesho unatandikwa barazani kwenye upepo. Mtoto akiukojolea, unamwagiwa maji na kuanikwa, na adhuhuri haijaingia umeshakauka. Ukiongeza hapo mto mmoja wa sufi, au kigodoro cha sponji kilichovalishwa kitenge cha kuvua na kufua, umekwisha. Watakaa hapo mpaka waitwe kula.

Mwanga nao una siasa zake. Taa ndogondogo za kuning'iniza, zile za Krismasi, zinatufaa sana: zinapendeza kwenye picha na hazitoshi kusomea hata jina la kitabu. Tatizo letu ni dirisha. Huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, maana yake mtoto anayerudi chekechea saa nane mchana anazo saa nne za mwanga usiolipiwa. Akikaa ubavu kwa dirisha, mwanga ukaangukia kitabu bila kumpiga machoni, na upepo kidogo ukapita, hana haja na taa wala pangaboi. Sogeza kabati mbele ya dirisha hilo. Ikishindikana, tundika pazia zito la kahawia, lile linalowazuia majirani kuona ukubwa wa televisheni.

Usiku umeme ukikatika, hapo naweka kejeli pembeni kidogo. Mshumaa na kibatari visikanyage kona yenye pazia, mito na karatasi, hata kwa dakika mbili, hata kama yupo mtu mzima. Dawa ya mbu ya kuchoma ni vivyo hivyo. Taa ndogo ya sola au ya kuchaji inatosha, na kwa mbu kipo chandarua. Haya, turudi kazini.

Kazi yenyewe ni kabati. Nenda Keko, ambako mafundi samani wamepanga vitanda na makochi yao mpaka ukingoni mwa barabara, umwambie fundi unataka kabati la vitabu vya mtoto. Atakuuliza mtoto ana umri gani. Usimjibu, huo ni mtego. Ukimwambia miaka mitatu, fundi mwenye akili ataanza kupima usawa wa kiuno chako kushuka chini, na mwisho utaondoka na kitu kifupi kisicho na heshima. Mwambie kimo futi saba, mbao mninga, vanishi mara tatu, milango ya vioo, na kufuli. Vitabu visimamishwe, migongo nje, vikibanana kiasi kwamba kuchomoa kimoja kunahitaji vidole vya mtu mzima. Mtoto asiyejua kusoma hatofautishi mgongo na mgongo. Anachokitambua yeye ni jalada: hiki cha tembo, kile cha basi, kile cha mtoto anayelia. Ukimwonyesha migongo hamsini umemwonyesha ukuta, na ataondoka kwenda kutafuta mfuniko wa sufuria.

Wala usione haya kuhusu vioo. Vina ukoo mrefu katika pwani yetu. Kwenye nyumba za mawe za waungwana wa Lamu na Pate, katika karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa vyenye nakshi, na humo zikapangwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Kaure ile ilitazamwa. Nani amewahi kuwasema waungwana wale kwa kutoipakulia wali? Sisi tumebadili bidhaa tu. Kasoro ya utamaduni wetu ni kwamba upande wa pili wa nyumba hiyohiyo palikuwa na kawaida tofauti kabisa: mtoto wa chuoni amekaa chini mkekani, juzuu yake imeegemea marufaa mbele ya kifua chake, na mwalimu wake naye amekaa chini vilevile. Juzuu hizo zilifunguliwa kila siku, na zikachakaa. Tusizifuate.

Ukiwa Keko, jihadhari pia na wajuaji. Atatokea mtu akushauri ununue kipande cha gata la plastiki, lile la kukingia maji ya mvua, ukikate mita moja, uzibe ncha, ukifunge ukutani kwa skrubu sentimita sitini kutoka chini. Eti vitabu vitakaa humo vikitazama mbele, majalada yote nje. Mwingine atakwambia umpe fundi cherehani khanga iliyofifia, aikunje na kuishona mifuko minane, uitundike kwenye ukuta. Wa tatu atakuletea kreti la mbao lililopigwa msasa ili lisichome vidole. Walimu wa madarasa ya awali ndio wabaya zaidi. Wao huvuta kamba kutoka msumari hadi msumari, wakapachika vitabu kwa vibanio vya nguo, pembeni mwa viroba vya salfeti walivyovichora herufi na namba, na gharama yote haifikii bei ya kitasa cha kabati letu. Vitu hivi vyote vina ubaya mmoja: mtoto anafika mwenyewe. Anachukua, anaangusha, anachukua kingine. Ukiweka vitabu kumi tu na kuvibadilisha kila baada ya wiki mbili, ndiyo umeharibu kabisa, kwa sababu kila kinachorudi anakipokea kwa shangwe ya mgeni wa mbali.

Kama lazima liwe kabati refu, lifunge ukutani kwa vyuma. Hili nalo halina mzaha ndani yake. Ambapo wewe unaona rafu mtoto anaona ngazi, na kabati la mninga likimwangukia linaua.

Kisha vitabu vyenyewe. Nunua kwa rangi, vilingane na pazia. Lugha iwe Kiingereza, na kusiwe na mchanganyiko. Najua kwamba kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Siku hiyo tunavaa vitenge, tunatumiana mashairi, na wazungumzaji wanatuambia lugha yetu imefika mbali. Tarehe 8 mtoto anarudi kwenye kitabu chake ambamo mtu wa theluji amepoteza karoti ya pua. Theluji ni muhimu. Mtoto wa Mbagala akiuliza ni kitu gani, mwambie ni barafu. Akiuliza mbona barafu ya kwa Mangi haijawahi kuvaa kofia, mwambie asome kimyakimya.

Madhara ya kitabu cha Kiswahili yanajulikana: mtoto anaelewa. Akielewa anacheka, akicheka anaomba kirudiwe, na kikirudiwa usiku wa ishirini mgongo unaachia. Kwa hiyo ukipita Mtaa wa Samora, vuka upande wa pili usije ukajikuta ndani ya duka la vitabu la TPH. Wakwepe Mkuki na Nyota, wachapishaji walioanza mwaka 1991 na ambao hawakuona haya kuwachapia watoto. Mwaka huohuo ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa sababu wakati ule kitabu cha Kiswahili cha kumsomea mtoto, ambacho si cha darasani, kilikuwa adimu kweli. Tangu hapo visingizio vyetu vimepungua sana, nami siwapongezi kwa hilo.

Ukisema vitabu ni ghali, nyamaza, maana atatokea mtu akutajie African Storybook. Huo ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, uliopakia kwenye intaneti hadithi za picha kwa lugha nyingi za bara hili, Kiswahili kikiwemo. Ni bure, na leseni yake inakuruhusu kuzichapa, kuzigawa, hata kuzitafsiri kwa Kisukuma cha bibi yako. Yaani unakwenda stesheneri ya mtaani, unatoa karatasi chache, unapiga pini mbili mgongoni, na mtoto ana kitabu ambacho akikichana asubuhi, jioni unachapa kingine. Mzazi akishafika hapo hawezi tena kukasirika kitabu kikichanika, na mzazi asiyekasirika ni pigo kwa mpango wetu wote.

Kwa walio chini ya miaka miwili, sisitiza karatasi laini. Vipo vitabu vya kadibodi ngumu, vyenye kurasa nene ambazo mkono usiojua kubana unaweza kuzifunua, na hata vikitafunwa vinabaki vitabu. Usivitazame. Usitazame pia ile albamu ndogo ya plastiki iliyojaa picha za nyumbani: babu kwenye kiti chake, shangazi wa Moshi, mbuzi wa Idi, baba akiwa na nywele. Mtoto anaweza kuifunua albamu ile kutwa akitaja majina, na mtu akikuuliza anafanya nini, itabidi ujibu kwamba anasoma.

Rafu ya chini, ambayo ndiyo pekee mtoto anaifikia, panga Kamusi ya Kiswahili Sanifu na Kusadikika ya Shaaban Robert. Mgeni mwenye shahada atatikisa kichwa kwa heshima. Kusadikika ni kitabu kizuri mno, kilitoka mwaka 1951, kuhusu nchi inayoelea angani na mtu mmoja aliyethubutu kujitetea mbele ya wakubwa wake. Mtoto wa miaka minne atakielewa akifika kidato cha tatu, kama mpaka wakati huo bado atakuwa na hamu ya kufungua kitabu chochote.

Sasa hatari kubwa kuliko zote, ambayo wauza samani hawaitaji kwa kuwa hawaiuzi: mtu mzima kukaa chini. Mtoto peke yake hakichakazi kitabu sana. Atakionja, atakikanyaga, ataondoka. Kinachokichakaza kitabu mpaka kikawa laini ni mtu mzima aliyenyoosha miguu mkekani, mtoto mapajani, kidole kwenye picha, anauliza, "Huyu fisi anakwenda wapi?" halafu ananyamaza angojee jibu. Mtoto akishaonjeshwa hilo atakuletea kitabu hata ukiwa bafuni.

Dawa yake ni kiti. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma, Januari 1907, alitaka viti na meza viwe vidogo na vyepesi ili mtoto ajihudumie mwenyewe. Sisi tunavitaka vidogo ili mtu mzima asipate pa kukalia. Kiti kimoja, chenye mikono, kipana kama kiganja. Kisiwekwe cha pili.

Bibi ndiye wa kuangaliwa zaidi. Akija kutoka Korogwe kwa matibabu ya magoti, hatakaa kwenye kochi zaidi ya siku moja. Atatandika khanga chini, atamwita mjukuu wake, watafungua kitabu pamoja, na kwa kuwa miwani ameisahau Korogwe, atasoma picha. Hadithi itakayotoka haitakuwa na uhusiano wowote na iliyoandikwa. Sungura atapewa jina la jirani, fisi atapanda basi la Tanga, konda atamzidishia nauli, na mtoto ataongeza yake, atabisha, atasahihisha. Wataalamu wa malezi wanasema kuzungumza na mtoto juu ya picha kunamkuza lugha, na wanalipwa kusema hivyo semina baada ya semina. Bibi analipwa maandazi. Mkabili kwa adabu: "Shikamoo mama. Tulikuwa tunaomba usome kilichoandikwa." Atakujibu, "Marahaba, mwanangu," na kuendelea pale fisi alipokuwa anadai chenji.

Dada wa kazi naye asiachwe hivihivi. Huyu binti anasoma vizuri kuliko tunavyojua, kwa sababu hatujawahi kumwuliza, na kwa siku moja anakaa na mtoto saa nyingi kuliko baba na mama tukiwajumlisha. Ana sauti ya simba, sauti ya kuku, na sauti moja ya mwenye nyumba ambayo huitoa sisi tukiwa kazini. Akikutwa kwenye kona na kitabu, mkumbushe vyombo. Wewe mzazi mwenyewe huna hatari. Kaa kwenye kochi na simu yako, mwambie mtoto asome, naye atakusoma wewe.

Sheria za kona zichapwe kwa Kiingereza, ziwekwe ndani ya plastiki, zibandikwe usawa wa macho ya baba. Nawa mikono. Usile. Usicheke kwa sauti. Usikunje. Usirudie kitabu ulichokwisha kusoma. Hiyo ya mwisho ndiyo nguzo. Watoto hupenda kitabu kilekile, kurasa zilezile, na ukiruka mstari mmoja kwa usingizi wanakukamata. Hivyo ndivyo wanavyoyashika maneno, na hivyo ndivyo kitabu kinavyokufa. Akikishika juu chini, mkemee. Wote huanza hivyo na kuacha wenyewe bila kufundishwa, lakini ya nini kungoja? Akimaliza ukurasa, mhoji: umejifunza nini, sungura alifanya kosa gani, taja wahusika watatu. Na siku akivunja glasi, mpeleke kwenye kona akasome iwe adhabu yake. Baada ya glasi mbili au tatu hatakaribia vitabu tena kwa hiari, nawe utaweza kuwaambia watu, kwa huzuni ya kweli, kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Mpango wote huu unaweza kubomolewa na likizo ya Juni. Watafika watoto wa mjomba kutoka Morogoro, wanne, na mfuko wa machungwa. Siku ya kwanza watakaa kwa heshima. Siku ya pili mkubwa wao, binti wa darasa la tano, atauliza ufunguo uko wapi, na mwanao, msaliti, atamwonyesha. Utakaporudi jioni kabati litakuwa wazi, vitabu viko barazani kwenye khanga, na shule imefunguliwa. Binti ndiye mwalimu. Ana fimbo ya ufagio na miwani isiyo na vioo. Anasoma Kiingereza cha theluji akikitafsiri papo hapo, na theluji yake imekuwa unga wa sembe. Wanafunzi wanasoma kwa zamu, mdogo kabisa anasoma kwa kukariri huku ameshika kitabu juu chini, na yeyote anayekosea anachekwa kisha anasaidiwa. Kitabu kimoja kina alama ya chungwa. Kingine kimeshonwa kwa uzi mweusi, mshono mzuri tu, hata haukuombwa.

Usipige kelele, majirani watasikia. Kusanya vitabu, futa chungwa, funga kabati, ficha ufunguo kwenye kopo la majani ya chai, washa katuni. Wale wanne watarudi Morogoro wiki ya pili ya Julai. Mwanao ataulizia shule ile kwa siku kadhaa, kisha ataizoea hali.

Kinachobaki ni matunzo: kupangusa vioo kila Ijumaa, kupiga picha mpya kila mwaka kwa kuwa mtoto anakua na kiti hakikui, na kutompeleka Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na ina sehemu ya watoto. Mtoto akishaona jinsi kitabu kinavyoshikwa na watoto wengi mpaka pembe zinakuwa mviringo, anaweza kukuuliza vya kwenu vina ugonjwa gani.

Akifika darasa la tano, fungua kabati uvikague. Kama kurasa bado zimeshikana kwa upya na hakuna hata alama ya kidole, umefaulu kuliko nilivyotegemea. Lakini usiviuze, na usivitupe. Vitie kwenye boksi, uvipeleke shule ya msingi ya mtaani kwenu, uulizie darasa la awali, umkabidhi mwalimu mkononi mwake, na umwombe, tafadhali, asivifungie ofisini.